Kinywaji cha Mtaroni

Siku Sabuni alipogundua kwamba mtaro unaweza kumtajirisha, alikuwa amesimama pembeni yake, ameziba pua.

Hakuwa amekuja kutajirika. Alikuwa amekuja kula. Mama yake mdogo alikuwa na miaka kumi na tisa ya kuosha matangi katika kiwanda cha jibini, na kila saa saba mchana yeye na wenzake kumi na mmoja walitoka kukaa nyuma ya ukuta, kwenye kivuli, kufungua mabakuli yao. Sabuni alikuwa na desturi ya kupita hapo kwa bahati tu, kila siku, saa saba kamili.

Sabuni si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na watu waliowahi kufanya naye biashara, kwa kuwa akishakupitia anakuacha msafi mpaka mifuko ya ndani. Mwenyewe alilipenda. Alisema linaashiria uadilifu.

Hapo nyuma ya kiwanda bomba lilitokeza ukutani na kumwaga mtaroni maji ya rangi ya njano iliyofifia, yale yanayobaki maziwa yakishaganda na jibini kutolewa. Ng'ambo ya njia kulikuwa na kiwanda cha juisi, nacho kilitupa maganda ya mananasi na mioyo yake katika lundo refu kuliko mtu, ambapo nzi walikuwa na mkutano mkuu usiofungwa. Harufu mbili hizo zilikutana katikati ya njia, zikaoana, na ndoa haikuwa na amani.

Siku hiyo gari kubwa jeusi lilisimama. Akateremka Bwana Mabati, muuzaji wa mabati ya kuezekea, mwenye maghala matatu na tumbo la kuwatosha watu wawili. Alikuwa amekuja kukagua ghala lake la tatu, lililokuwa tupu mwisho wa njia ile ile. Akawaona wale wanawake wakimiminiana kitu kutoka kwenye chupa kubwa ya chai.

"Mnakunywa nini hapo?" akauliza bila salamu.

"Sisi hatujambo," mama mdogo akamjibu.

Bwana Mabati akaona haya kidogo, akasalimia, akapewa kikombe. Akanywa. Akatazama ndani ya kikombe kama mtu aliyeitwa jina lake kutoka humo. Akaomba cha pili, halafu cha tatu, "nipate kupima vizuri."

"Ni maji ya jibini hayo yanayomwagika pale," mama mdogo akasema, "na maganda ya nanasi ya wale majirani, na tangawizi. Vitu vya kutupwa. Alikuja hapa mtaalamu wa lishe kupima, akatuambia yale maji yamebeba protini ya kumjenga mtoto. Nikajiuliza, mbona basi tunaunenepesha mtaro?"

"Kunywa upesi, baba," akadakia mmoja wa wenzake, mwembamba, mwenye kazi ya kufunga vizibo. "Bwana afya ametupa wiki tatu. Maji haya yakiendelea kumwagwa, kiwanda kinafungwa, na sisi tunarudi nyumbani kukunja mikono."

"Meneja nimemwambia," akasema mama mdogo. "Nipe chumba na sufuria kubwa, hayo maji nitayamaliza mimi. Anasema kiwanda hakina uwezo. Anatakiwa mtu mwenye jengo."

Akasema hivyo akitazama mwisho wa njia, kule kwenye ghala tupu, kwa adabu, bila kunyoosha kidole.

Bwana Mabati akasema atafikiria. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kufikiri. Yalikuwa yamekuwa membamba, yakitoka kwenye bomba kwenda kwenye lundo, kutoka kwenye lundo kwenda ghalani. Sabuni aliyajua macho yale. Ni macho ya mtu aliyeona kitu cha bure na tayari anaogopa kuibiwa.

Akaweka chini kijiko kikiwa kimejaa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia, akalifuata gari.

"Bosi! Samahani, bosi. Naona umeonja siri ya ukoo wetu."

"Wewe nani?"

"Mshauri wa yule mama. Mipango yote ya kinywaji iko kwangu. Yeye anakoroga tu."

Bwana Mabati akamtazama kuanzia viatuni. Viatu vya Sabuni vilikuwa vimeng'arishwa upande wa mbele, upande ambao watu huutazama. "Anataka nini huyo mama yako?"

"Ubia. Yeye na wale kumi na mmoja. Nusu kwa nusu."

"Nusu!" Bwana Mabati akashika kifua. "Nusu ya maganda?"

"Ndivyo nilivyomwambia, bosi! Nikamwambia, mama mdogo, mwenzio ana ghala, ana gari, ana jina mjini. Wewe una mwiko. Hasikii." Sabuni akashusha sauti mpaka ikawa kama ya muumini. "Lakini mwiko, bosi, hata mimi naweza kuushika. Nipe wiki moja nijifunze mapishi. Halafu tutakuwa wewe na mimi tu. Au wewe peke yako, mimi ukinipa bahasha ya shukrani nakwenda zangu."

Hapa inafaa kusema jambo kwa faida ya vijana wanaoinukia. Mlaghai mwenye ujuzi hamsukumi mtu shimoni. Anamwonyesha njia, halafu anampisha, kwa heshima, kama anavyompisha mkubwa mlangoni.

Bwana Mabati akapita.

"Ila bahasha," akasema akifunga mlango wa gari, "utaipata siku ambayo wageni wangu watamaliza glasi zao. Si kabla. Mimi nauza mabati, kijana. Nakijua kitu kinachong'aa."

Sabuni hakujali. Alikuwa amekwisha chagua basi la mchana la kupanda na bahasha hiyo, na mji wa kushukia, mji ambao watu wake walikuwa bado hawajasafishwa.

Jioni ile ile alibisha hodi kwa mama yake mdogo akiwa na mfuko wa nguo.

"Mama mdogo, nimekuja kukusaidia."

"Unaumwa?"

"La! Nimeguswa. Nimeona jinsi mnavyohangaika na hicho kiwanda. Nimezungumza na yule bwana. Yuko tayari, anataka tu mtu wa kumwelekeza. Nitakaa hapa wiki moja, nijifunze, nikamweleze kitaalamu."

Mama mdogo akamtazama. Alimlea huyu tangu akiwa wa kubebwa, mara dada yake alipofariki. Alikuwa amemfundisha kutembea, kunawa mikono na kusema asante. Mengine alijifunza mwenyewe. Akiwa na miaka saba alimuuzia jirani kuku, na kuku alikuwa wa jirani huyo huyo.

"Vizuri, mwanangu," akasema. "Karibu. Ila nina wasiwasi na jambo moja."

"Niambie, mama."

"Matajiri asubuhi ni moto, jioni ni jivu. Huyo bwana asije akageuka. Kama ana nia, si aende kwa Meneja atie sahihi? Kwamba atayachukua maji yote, kila asubuhi, mwaka mzima. Hapo hata akija tajiri mwingine kesho, atakuta mlango umefungwa." Akashusha pumzi. "Lakini mimi muosha matangi tu, nitajua nini?"

"Hujakosea sana, mama mdogo," Sabuni akasema kwa ukarimu.

Kesho yake saa tatu alikuwa mbele ya Bwana Mabati, akieleza wazo alilolipata, alisema, baada ya kukesha akitafakari. Kwake wazo hilo lilikuwa dhahabu. Mtu aliyetia sahihi hashuku kwamba anaibiwa. Anajiona yeye ndiye mwizi, na mwizi hana muda wa kulinda mfuko wake.

Meneja wa kiwanda cha jibini aliposikia kuna mtu anataka maji yale, yote, kila siku, alidhani anataniwa. Alipoona si utani, akatia sahihi kwa haraka hata kalamu ikatoboa karatasi. Kulikuwa na kifungu kilichosema kwamba siku ambayo Bwana Mabati hatayachukua maji, atatozwa faini nzito. Bwana Mabati hakukisoma. Alikuwa akiangalia mlango, asije akaingia mtu mwingine mwenye ghala.

Baada ya hapo akanunua sufuria la chuma ambalo hata ng'ombe angeweza kuogea, majiko mawili ya gesi, mapipa safi na chupa zisizo na idadi, akaviingiza ghalani. Na Sabuni akaanza masomo.

Alikuwa mwanafunzi mwenye daftari. Tatizo lake lilikuwa usingizi. Mama mdogo aliamka alfajiri, kabla ya zamu ya kiwandani. Sabuni aliamka jua likishamfikia usoni, na siku nyingine alilihama. Alipofika jikoni alikuta sufuria mbili: moja ya maji ya maganda, imepoa, imechujwa, nyingine ya maji ya jibini, iko motoni. Mama mdogo alichemsha yale ya jibini mbele yake, akayaacha yawe vuguvugu, akatia tangawizi na sukari kidogo, akachanganya.

Sabuni akaandika yote hayo kwa mwandiko mzuri.

"Na haya ya maganda unayapataje?"

"Unaosha maganda vizuri sana, mara tatu. Unayakatakata. Unayatia maji."

Yote hayo yalikuwa kweli. Mama mdogo hakuwahi kusema uongo maishani mwake. Ukweli mmoja tu aliuacha ulale, kama alivyomwacha mtoto wa dada yake alale.

Siku ya nne, wakichuja, akasema bila kumtazama, "Unamjua yule mwembamba, wa vizibo? Ana watoto wanne, mume alikwenda kutafuta kazi na kazi ikampata huko huko. Mmoja wa watoto alikuwa dhaifu, miguu kama njiti. Tangu niwape hiki kinywaji kila asubuhi, sasa anapiga mpira, anavunja vioo vya watu. Mama yake anapigiwa kelele na majirani huku anacheka. Kiwanda kikifungwa, sijui."

Kitu kilimfinya Sabuni chini ya mbavu. Alikidhani njaa, akala wali uliobaki, lakini hakikuondoka mpaka jioni.

Siku ya kuonja ilipangwa iwe Alhamisi. Mama mdogo aliambiwa Jumamosi.

Alhamisi saa tatu asubuhi Sabuni alisimama ghalani na aproni nyeupe, mapipa sita ya maji ya jibini, ya kwanza ya mkataba, pembeni yake na maganda ya nanasi yaliyooshwa mara tatu, kwa mujibu wa daftari. Akayakatakata. Akayatia maji, akayaponda, akayakamua, akachuja. Akachemsha maji ya jibini. Akasubiri yawe vuguvugu, akachanganya, akatia tangawizi. Akamwita Bwana Mabati.

Bwana Mabati akanywa glasi mbili mfululizo, akamkumbatia mpaka kifungo cha aproni kikakatika. "Kijana! Hiki kinashinda hata cha yule mama!"

Na kweli kilishinda, kwa dakika hizo.

Wageni waliambiwa saa nne, kwa hiyo walifika saa sita kasoro. Walikuwa wanne: wenye maduka makubwa wawili, mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, aliyekuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ya kengele, na bwana afya, ambaye Bwana Mabati alimwalika ili kuumaliza ugomvi wa mtaro kwa mdomo mtamu. Wakaketi. Ghala la mtu anayeuza mabati limeezekwa kwa mabati, na mchana ule lilikuwa tanuri. Kinywaji kilikuwa katikati yao ndani ya sufuria kubwa, kimefunikwa kitambaa, kinangoja.

Sabuni akasimama kusema machache.

Ni haki kukiri kwamba ilikuwa hotuba nzuri. Ilianzia kwenye milima ya mbali yenye theluji, ambako babu wa babu yake alipewa siri na mganga aliyeishi miaka mia na thelathini. Ikashuka mabondeni kukusanya mimea arobaini. Ikavuka bahari mara mbili. Mwenye duka mmoja akasinzia, akaamka, akakuta bado wako baharini. Bahasha ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa shati la Bwana Mabati, na kila Sabuni alipoiona, aliongeza mlima. Alipomaliza, Bwana Mabati naye akasimama, maana haiwezekani mtu aseme maneno mengi ndani ya ghala lako wewe ukanyamaza.

Saa saba na nusu glasi zikajazwa.

Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza. Akanywa funda moja kubwa, la mtu mwenye kiu ya hotuba mbili. Uso wake ukasimama. Halafu ukaanza kujikunja kutoka kidevuni kwenda juu, polepole, mpaka miwani ikapanda kwenye paji.

"Hii ni dawa ya nini?" akauliza bwana afya, aliyekuwa wa pili.

"Ya... ya mwili mzima," Sabuni akasema.

"Mwili mzima umekataa."

Mwenye duka wa kwanza alitemea kofia ya mwenye duka wa pili. Bwana Mabati akanyakua glasi, akabugia, na macho yakamtoka. Kilikuwa chungu kama shubiri. Kilikuwa na uchungu ambao ulikaa mwanzoni mwa ulimi, ukatoa viatu, ukajinyoosha.

"Kijana! Asubuhi kilikuwa kitamu!"

"Labda kimechoka, bosi. Joto hili..."

"Kimechoka?"

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Wakageuka. Mama mdogo alikuwa amesimama pale na wenzake kumi na mmoja, mabuti meupe ya kiwandani miguuni, vilemba vyeupe kichwani. Wawili walikuwa wamebeba ndoo yenye kifuniko. Mmoja alikuwa na vikombe.

"Karibuni," akasema mwalimu mkuu akipangusa ulimi kwa leso. "Kama mna maji, karibuni zaidi."

"Mama mdogo!" Sabuni akapiga kelele. "Si nilikwambia Jumamosi?"

"Uliniambia."

"Sasa umejuaje?"

"Mwanangu, mapipa sita ya leo unadhani yamejazwa na nani? Malaika?" Akawageukia wageni. "Samahani, wakubwa. Kijana huyu hana nia mbaya na ndimi zenu. Nanasi bichi lina ukali wake, ule unaokuchoma mdomo ukila vipande vingi. Ukilichanganya bichi na maji ya jibini, ule ukali unaanza kuila ile protini. Mwanzoni husikii kitu. Baada ya saa moja ni chungu, baada ya saa mbili ni hicho mlichokunywa. Na mimi lilinifunza hivyo hivyo, nikamwaga ndoo nzima nikilia. Maganda lazima yachemke kwanza, peke yake, mpaka ukali ufe."

"Hukuwahi kuyachemsha!" Sabuni akasema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa, wa mtu aliyedhulumiwa. "Nilikuwa nimekaa pale na daftari!"

"Nayachemsha alfajiri."

Yule mwembamba wa vizibo akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa upindo wa kilemba, akaendelea kucheka ndani yake.

"Mngekinywa papo hapo kilipochanganywa," akasema mama mdogo, "msingejua. Nani amewachelewesha?"

Watu wote wakamtazama Sabuni. Halafu wakamtazama Bwana Mabati.

Ndoo ikafunguliwa. Vikombe vikapita. Kwanza wakanusa kwa mashaka, halafu wakainamisha vikombe mpaka mwisho. Mwenye duka wa pili akasahau kofia yake. Mwalimu mkuu akamaliza, akashikilia kikombe tupu kwa mikono miwili.

"Nina wasichana mia mbili wanaokunywa chai ya rangi asubuhi na kusinzia darasani," akasema. "Mama, hiki unaweza kukitengeneza kila siku?"

"Nikiwa na mahali."

"Mahali ni hapa!" akadakia Bwana Mabati, akijipangusa jasho na kujivisha tabasamu. "Mama, leo nimekuajiri. Wewe ndiye mpishi mkuu."

"Asante, bwana. Kazi ninayo."

"Nitakulipa mara mbili ya kiwandani!"

"Mapipa mangapi yamekuja leo?"

"Sita. Kwa nini?"

"Na kesho?"

Bwana Mabati akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sita," mama mdogo akamsaidia. "Na keshokutwa sita, mpaka mwaka uishe. Maji haya yakilala siku moja kwenye joto hili, mtaa mzima utakujua kwa jina. Ukiyamwaga, bwana afya huyo hapo, ameketi. Usipoyachukua, kuna kifungu, kamuulize Meneja akusomee. Ukiyapika bila mimi..." Akaelekeza mkono kwa heshima kwenye lile sufuria la kuogea ng'ombe, na mwenye duka wa kwanza akasogeza kiti chake mbali nalo.

"Huu ni wizi!"

"Wizi ni kuchukua cha mtu. Mimi nimechukua nini? Sahihi ni yako, ghala ni lako, mapipa ni yako. Hata daftari ni la huyu."

Bwana Mabati akamtazama bwana afya. Bwana afya akamtazama Bwana Mabati, akatoa kalamu, akaiweka mezani, tayari kwa lolote.

"Unataka nini?"

"Nusu kwa nusu. Sisi kumi na wawili upande mmoja, wewe upande wa pili. Hicho ndicho ningekuambia siku ile kama ungesubiri nimalize kula." Akafikiri kidogo. "Na maganda yakishachemshwa hatuyatupi. Tunayakausha, tunayasaga, unga wake unaingia kwenye biskuti. Utatuazima mabati machache ya kuanikia."

"Mabati yangu!"

"Tutatandika kitambaa safi juu. Hayataumia."

Mkataba uliandikwa na mwalimu mkuu kwa mwandiko wa ubaoni, bwana afya akawa shahidi. Safari hii Bwana Mabati alisoma kila kifungu mara mbili, akisogeza midomo. Mwisho akatia sahihi kama mtu anayeng'olewa jino. Kule mlangoni mmoja wa wanawake, mnene, ambaye hakuwa amesema neno tangu waingie, akaketi juu ya pipa tupu na kuanza kulia kimya kimya, na wenzake wakamzunguka wakimwambia anyamaze, wao wenyewe wakipangusa macho.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kuondoka. Sabuni alikuwa amekwisha vua aproni na kufika nusu ya mlango wa nyuma alipokutana na mpini wa fagio, na upande wa pili wa fagio, yule mwembamba wa vizibo.

"Unakwenda wapi, bwana daftari?"

"Kupunga hewa."

"Huyo apelekwe polisi!" Bwana Mabati akafoka. Bahasha ilikuwa bado kwenye mfuko wake wa shati; akaisukuma ndani zaidi. "Huyo mimi simwachii!"

"Ni mtoto wa dada yangu," akasema mama mdogo. Sauti yake ilishuka, na kwa mara ya kwanza siku ile ilionekana amechoka. Akamsogelea Sabuni, akaikung'uta kola yake kama alivyokuwa akifanya alipompeleka shule. "Ungeondoka, sivyo? Na kile kiwanda kingefungwa, na mimi ningerudi nyumbani nikute kitanda chako kitupu."

Sabuni, ambaye aliwahi kuwajibu mahakimu wawili na askari wengi, akatazama ncha za viatu vyake.

"Umekosa," mama mdogo akasema. "Lakini una mdomo, na sisi tuna chupa za kuuza. Chagua mwenyewe. Kituo cha polisi, au mkokoteni."

Sabuni akafikiri. "Mkokoteni una mwavuli?"

"Tutakuwekea. Ila kuna sharti moja. Mtu akikuuliza kinatengenezwa na nini, utamwambia kweli. Yote. Hakuna milima wala babu."

Uso wa Sabuni ukapauka. Kituo cha polisi kikaonekana ghafla kuwa mahali penye nafasi na upepo. "Mama mdogo, hapo umeniua. Maganda na maji ya mtaroni! Nani atanunua?"

"Hatujui. Hujawahi kujaribu."

Jumatatu asubuhi mkokoteni ulisimama kwenye kona ya soko, chupa zimepangwa safu nne, mwavuli juu. Mama mdogo alisimama hatua tano nyuma, akijifanya anachagua vitunguu. Kwa saa nzima watu walipita. Sabuni alikuwa ameweka mikono nyuma kama mtu aliyefungwa.

Mwishowe mwanamke mmoja mwenye kikapu akasimama, akainua chupa, akaiangalia kwenye mwanga.

"Hiki ni nini, baba?"

"Kinywaji, mama."

"Kimetengenezwa na nini?"

Uongo ulimjia wote kwa pamoja, umevaa vizuri, ukasukumana kwenye mlango wa meno: theluji, mganga, mimea arobaini, malkia wa mbali aliyekinywa akasahau uzee. Sabuni akageuka nyuma. Mama mdogo alikuwa na kitunguu mkononi na hakuwa anaangalia kitunguu.

Akaumeza uongo wote.

"Maganda ya nanasi, mama. Yale yanayotupwa na kiwanda cha juisi. Na maji yanayobaki wakishatengeneza jibini. Yalikuwa yakimwagwa mtaroni miaka yote, kumbe yana protini. Mama yangu mdogo ndiye aliyegundua, anaosha matangi. Shule ya wasichana imeanza kunywa juzi. Na yale maganda yakishachemshwa tunayaanika juu ya mabati, tunayafanya biskuti."

Mwanamke akamkodolea macho. Akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye nyanya.

"Shoga, hebu njoo umsikie huyu! Eti mtaroni! Eti biskuti za maganda, juu ya mabati!"

"Ni kweli, mama!"

"Nimezunguka masoko yote ya mji huu," mwanamke akasema, akicheka mpaka kikapu kikatikisika, "sijapata kuona muongo kama wewe. Nipe mbili. Umenifurahisha."

"Mama, haki ya Mungu, sikudanganyi!"

"Ongeza, ongeza! Na kesho nitakuja na dada yangu, umwambie na ile ya muosha matangi."

Akaondoka na chupa zake, anacheka, na mwenzake akachukua tatu. Sabuni akauacha mkokoteni, akawafuata mpaka kona ya pili, mkono mmoja juu, akiapa kwa kaburi la mama yake, na watu wakaanza kutoka madukani kuja kumsikiliza, na hakuna hata mmoja aliyemwamini.